Nyota Tano za Mama wa Dordrecht

"Hiyo usinunue," Wietske alimwambia mzee aliyesimama mbele ya kibanda chake. "Hiyo ni simu ya kutazama, si ya kutumia."

Mzee alikunja karatasi ya tangazo aliyokuja nayo. "Lakini ni ya hapa kwetu. Imebuniwa Rotterdam."

"Hata panya wa bandarini ni wa hapa kwetu, mzee wangu. Unawafuga?"

Foleni ilicheka. Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, saa tano asubuhi, na soko la Blaak lilikuwa limejaa watu na mikoba yao ya magurudumu. Muuza samaki alipiga kelele upande huu, muuza soksi upande ule, na katikati yao alikaa Wietske Kooiman, fundi simu, miaka thelathini na mbili, ovaroli ya kijani, nywele za rangi ya mchanga alizozibana kwa penseli. Mikono yake haikuacha kazi hata alipokuwa anamtania mtu.

"Samahani," sauti ya mwanamume ilisema nyuma ya mzee. "Wewe mwenyewe umeitumia hiyo simu?"

Wietske aliinua macho. Aliona mtu mrefu, mabega membamba, koti la mvua la rangi ya haradali, mkononi sahani ya karatasi yenye vipande vya samaki wa kukaanga. Sura nzuri, ila ilikuwa imenuna.

"Sijaitumia. Nimeifungua. Kumi na tisa. Wewe ni nani?"

"Jorrit Zandstra. Nafanya kazi Wulp, kampuni iliyoitengeneza."

Watu wawili kwenye foleni waligeuka kumtazama mtu wa kampuni.

"Karibu," Wietske alisema. "Unafanya nini huko? Unalegeza matundu ya chaji?"

"Najibu maoni ya wateja mtandaoni."

"Aa. Kumbe Bwana Tunasikitika ni wewe. Mtu anasema simu imekufa, unajibu tunasikitika. Mtu anasema simu imemharibia safari, unajibu tunasikitika. Huchoki kusikitika, kaka?"

"Na wewe ni nani hata usome majibu yangu yote?"

Wietske alielekeza bisibisi kwenye kibao kidogo juu ya kichwa chake. Kilikuwa kimeandikwa: Fundi wa Blaak.

Jorrit aliweka samaki wake chini. Jina hilo alilijua kuliko jina la jirani yake. Mwezi wa sita Fundi wa Blaak alikuwa ameandika kwenye tovuti ya maoni ya wanunuzi sentensi tatu juu ya Wulp 4: kioo kizuri, kamera nzuri, tundu la chaji linalegea kabla ya mwaka kwisha. Nyota moja. Maelfu walibonyeza kwamba maoni hayo yamewasaidia. Maduka yalihamisha Wulp kutoka dirishani hadi rafu ya nyuma.

"Sentensi tatu zako zimewaondoa kazini watu sita," alisema.

"Sentensi zangu hazijamwondoa mtu. Tundu ndilo limewaondoa. Njoo huku nyuma, acha kuzuia foleni."

Alimfungulia Wulp 4 ya mteja, akamwonyesha kwa ncha ya bisibisi. "Hapa. Limeshikwa na lehemu peke yake. Hakuna skrubu hata moja. Mtu anachomeka na kuchomoa kila siku. Wewe ungeshika?"

Jorrit aliinama, akatazama muda mrefu. Alinusa kahawa kwenye ovaroli ya Wietske na lehemu iliyoungua.

"Ni kweli," alisema.

Wietske alisubiri "lakini". Haikuja. Miaka minane ya kazi, hakuna mtu wa kampuni ya simu aliyewahi kusimama kwenye kibanda chake akasema ni kweli, kisha akanyamaza.

"Samaki wako anapoa," alimwambia, kwa sauti ya chini kidogo kuliko ile ya kwanza.

*

Jumamosi iliyofuata alirudi na vikombe viwili vya kahawa. Jumamosi ya pili alirudi na kahawa na picha ya mchoro: wahandisi wa Wulp walikuwa wanamalizia kuchora simu mpya, na kwenye tundu la chaji palikuwa na skrubu mbili. "Niliwapelekea maneno yako," alisema. Jumamosi ya tatu Wietske alifunga kibanda mapema, jambo ambalo hata muuza soksi alilitangaza kwa wenzake.

Majira ya baridi yote walipendana kwa kelele. Walibishana kwenye tramu, walibishana ufukweni Hoek van Holland upepo ukiwapiga masikio, walibishana kitandani juu ya nani atoke kuzima hita. Watu wengine hupendana kwa kunong'ona. Hawa wawili hawakuwa na kipaji hicho.

"Uko wapi, hazina yangu?" Jorrit angepiga simu jioni akitoka kazini.

"Nyumbani. Nakusikia vibaya, kama uko ndani ya ndoo. Unatumia simu gani?"

"Usianze."

"Wulp, eh?"

"Wietske, nakupenda, lakini una mdomo."

"Ndiyo. Na haulegei."

Mwezi wa kwanza Wulp 5 ilitoka. Jorrit alimletea moja kwenye sanduku lake, akaiweka mezani mbele yake kama paka anayeleta ndege.

Wietske hakuigusa. "Siwezi kulala na mtu halafu nikapima simu yake. Watu wananiamini kwa sababu sina mjomba kwenye kampuni yoyote. Sasa nina wewe. Kwa hiyo hii nainyamazia."

"Hata ukiiona ni nzuri?"

"Hasa nikiiona ni nzuri."

Jorrit alicheka, akalirudisha sanduku kwenye begi. Alimheshimu kwa jibu hilo. Lakini ofisini, siku kumi baadaye, hakukuwa na wa kucheka. Wulp 5 ilikuwa simu imara na haikununuliwa. Jina likishachafuka, sabuni yake ni adimu. Watu waliandika bila kuigusa: Wulp ni Wulp tu. Nne iliniunguza, tano naitazama kwa mbali. Na wengi waliandika jambo moja: Fundi wa Blaak amenyamaza, na akinyamaza yeye, ujue ni mbovu kiasi cha kukosa maneno. Jorrit alijua kwa nini amenyamaza. Alikuwa mtu pekee ofisini aliyejua, na hakuweza kusema.

Mkuu wake, Lodewijk Terpstra, alikuwa bwana wa suti na viatu vyeupe, asiyekaa kitini. "Nataka maoni matano ya nyota tano kila wiki," alisema. "Wape majina, wape miji. Simu ni nzuri, hatudanganyi. Tunawasaidia tu watu kusema wanachotaka kusema."

"Hawajasema."

"Ndiyo maana nakwambia tuwasaidie."

Jorrit aliandika. Mwalimu wa Zwolle, muuguzi wa Breda, dereva wa lori wa Venlo. Alikuwa na kipaji, na hilo lilimtisha. Hakumwambia Wietske.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili, jikoni kwa Wietske, mtaa wa Delfshaven, mvua ilikuwa inapiga dirisha. Jorrit alikuwa amevaa lile koti lake la haradali juu ya nguo za kulalia, ametoka kuvuta baiskeli ya Wietske chini ya paa ili kiti kisilowe. Wietske alikuwa anapaka siagi kwenye mkate. Alisema akiutazama mkate, si yeye.

"Wewe ni kama koti la mvua, Jorrit. Kwenye picha hupendezi. Lakini mvua ikianza, sitafuti kingine."

Kisha akamkaripia kwa kulowesha sakafu. Alikuwa mtu wa kutaja makosa, na mazuri yalimtoka kwa shida kama jino. Hilo alikuwa hajawahi kumwambia mwanamume yeyote, na Jorrit alilijua.

Ijumaa ya wiki hiyo, ofisini, Jorrit alikuwa amebakiza oni moja na kichwa kikavu. Lodewijk alikuwa amesimama mlangoni na viatu vyake vyeupe. Jorrit aliandika kilichokuja. Aliweka jina: mama wa watoto wawili, Dordrecht. Alijiambia hakuna atakayejua. Hilo ndilo kosa la watu wa kazi ile. Wanadhani neno likishawekewa jina la mtu mwingine, limehama.

*

Hennie, mama yake Wietske, alitimiza miaka sitini na tano Jumapili ya mwezi wa tatu. Sebule yake ya Schiedam ilipangwa kama kila sebule ya huko siku ya kuzaliwa: viti ukutani kwa mduara, meza katikati, keki ya krimu, vipande vya jibini na haradali, na kila anayeingia anampa mkono kila aliyekaa na, kwa desturi ya huko, anampongeza kwa ajili ya mwenye sherehe.

"Hongera kwa mama yako."

"Hongera kwa dada yako."

"Hongera kwa jirani yako."

Jorrit alikuwa anakuja mara ya kwanza. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, akapeana mikono duara zima. Alipofika kwa shangazi Corrie, shangazi alimshika mkono asiuachie.

"Na wewe tukupe hongera kwa nani? Kwa mama mkwe?"

"Corrie, mwache mtoto wa watu akae," Hennie alisema, lakini alifurahi. Alivaa gauni la buluu na hereni za lulu, na alikuwa anasubiri nafasi ya kujionyesha. Alitoa simu mpya kwenye mkoba. "Tazameni nilichojinunulia. Wulp 5."

Wietske alishusha uma. "Mama. Kwa nini hukuniuliza?"

"Wewe ulikataa kusema. Nilikuuliza mwezi mzima ukaniambia hutaki kuingia. Jorrit naye sikumuuliza, mtu husifia chake. Basi nikasoma mwenyewe. Kuna mama mmoja wa Dordrecht, mwanamke wa maana kabisa, maneno yake yalinigusa. Subirini niwasomee."

Alivaa miwani. Duara lilinyamaza, sahani magotini. Jorrit alikuwa ameketi kati ya shangazi na jirani, na katika mduara ule hakuna mtu anayeweza kuinuka bila kupita mbele ya wote.

"Wulp 5 ni kama koti la mvua," Hennie alisoma. "Kwenye picha haipendezi. Lakini mvua ikianza, sitafuti nyingine." Aliinua kichwa. "Si maneno hayo? Yule anajua kusema. Laiti ningekuwa na binti anayesema hivyo."

Wietske alimtazama Jorrit. Uso wake ulikuwa umepanda wekundu kuanzia kola hadi masikioni. Kipande cha keki kilikuwa kimesimama kwenye uma wake, hakiendi mbele wala nyuma.

"Jorrit," alisema. "Nani ameandika hayo?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa na zoezi la miezi miwili. Lakini alikuwa yule yule mtu wa Oktoba aliyetazama tundu akasema ni kweli.

"Mimi."

Hennie alivua miwani. "Wewe ndiye mama wa Dordrecht?"

Shangazi Corrie alicheka, akaona hakuna mwenzake, akaacha.

"Mangapi?" Wietske aliuliza.

"Wietske, tuongee nje."

"Mangapi?"

"Arobaini na moja."

Aliinuka, akapita mbele ya magoti ya watu wote, na Jorrit akamfuata akiomba radhi kila goti. Nje, kando ya baiskeli, Wietske aligeuka. Alikuwa amevaa sketi nyekundu aliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo, na hiyo nayo ilimuudhi sasa.

"Ulikuwa jikoni na mimi. Nilikwambia wewe. Ukaenda ukayauza."

"Nilikwama. Alikuwa amesimama mlangoni. Niliandika bila kufikiri."

"Ulifikiri. Ulibadilisha hupendezi ukaweka haipendezi. Ulikaa ukarekebisha."

"Simu ni nzuri," Jorrit alisema. "Sikudanganya juu ya simu. Nilidanganya juu ya nani anasema."

"Maoni yote ni hapo tu, Jorrit. Ni nani anasema. Ukiondoa hilo yanabaki matangazo."

Sasa Jorrit naye alipandisha sauti. "Na wewe je? Ulituzika kwa sentensi tatu. Sawa, tulistahili. Tukarekebisha, kwa maneno yako mwenyewe, skrubu zako mwenyewe, na ulipoletewa hukufungua hata sanduku. Ukanyamaza. Unajua kunyamaza kwako kulisomwaje? Ofisini tulikuwa tunahesabu siku za kufunga."

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Kwamba usafi wako unatuua?"

"Ndiyo. Hilo hilo. Ungelisema kwa jina lako, ningekasirika, tungepigana, tungemaliza. Badala yake umekwenda kumtafuta mwanamke Dordrecht."

Alipanda baiskeli akaondoka katika sherehe ya mama yake mwenyewe, na sketi ile haikuwa ya baiskeli.

*

Jumanne sokoni, Wietske alikuwa anabadilisha kioo tramu ilipopita kituo cha Blaak. Ubavuni mwake, kwa herufi ndefu kuliko mtoto wa shule, palikuwa na maneno yake yale yale ya jikoni, koti la mvua, picha, mvua, yote, na nyota tano chini yake. Bisibisi ilimteleza ikakwaruza ubao wa meza. Muuza samaki alisema bango lile ni zuri.

Alipiga simu palepale.

"Liko kwenye tramu," alisema.

"Najua. Lodewijk aliyapenda. Hakuniuliza."

"Na wewe hukuniuliza. Naona mna utaratibu."

"Nimemwomba ayatoe. Anasema yamelipiwa hadi Juni."

"Basi hadi Juni maneno niliyokuambia ukiwa na nguo za kulalia yatapita mbele ya kibanda changu kila dakika kumi. Usinipigie tena, Jorrit. Na kahawa yako usiniletee."

Alikata. Alizuia namba ya Jorrit. Kisha akamfokea mteja ambaye hakuwa na kosa, akamwomba radhi, akamfokea tena.

Jorrit hakupiga. Siku kumi baadaye aliandika. Safari hii aliweka jina lake kamili, na picha yake, kwenye ile tovuti ya maoni. Alisema alikuwa mfanyakazi wa Wulp, kwamba maoni arobaini na moja ya nyota tano ameyaandika yeye kwa amri ya kazi, akayaorodhesha moja moja, mwalimu wa Zwolle, muuguzi wa Breda, wote. Mwisho akaongeza: maneno ya koti la mvua hayakuwa yangu wala ya mama wa Dordrecht. Niliyaiba kwa mtu aliyeyasema mara moja, na hakuwa anasema juu ya simu.

Mchana wa siku hiyo hiyo alikuwa amekabidhi kadi yake ya mlangoni. Wiki iliyofuata tramu zilivuliwa mabango.

Kama alidhani Wietske atalainika, alikosea. Soko zima lilijua nani alikuwa analeta kahawa kwenye kibanda kile. Kufikia Jumamosi, foleni haikuwa ya simu mbovu.

"Ni wewe, dada? Wa koti?"

"Nyinyi mlikuwa mnashirikiana, sema kweli. Ulinyamaza ili mwenzio aandike."

"Nilikuamini mimi," mzee wa panya wa bandarini alimwambia, bila kelele, akaipeleka simu yake kwa fundi mwingine. Huyo ndiye aliyemuumiza.

Kwenye ukurasa wake waliandika kwamba Fundi wa Blaak amenunuliwa kwa busu. Miaka minane ya kusema kweli, na sasa jina lake lilikuwa kwenye rafu ya nyuma kama la Wulp. Hakuwa amesema uongo hata mmoja. Alikuwa amenyamaza tu.

Jumapili alikwenda Schiedam. Hakuvua hata koti. "Nipe simu yako, Mama."

"Ya nini?"

"Nipe."

Aliifungua kwenye meza ya kulia chakula, taa imeinamishwa, vipande vikipangwa juu ya kitambaa. Alichomeka, akachomoa, akachomeka, mara mia mbili kwa saa nzima, meno yameumana. Alipima betri. Alivuta skrubu.

Hennie aliweka kahawa na biskuti moja. "Unatafuta nini humo?"

"Kosa."

"La simu au la mtu?"

"Mama, usinianze."

"Sikuanzi. La mtu unalijua. Ni mwongo aliyekiri, kazi hana, na mabango yameshuka. La simu hulipati, naona, ndiyo maana unaibamiza. Na kuna la tatu hulitafuti."

"Lipi?"

"Mimi mama yako nilikuuliza mwezi mzima ninunue simu gani, ukaniacha nikaongozwe na mwanamke ambaye hayupo. Kwa sababu ulitaka uonekane safi."

Wietske aliikaza skrubu ya mwisho. Alirudisha simu kwenye mkono wa mama yake, akanywa kahawa iliyopoa.

Jioni hiyo aliandika. Kabla hujasoma: nilikuwa mpenzi wa mtu wa kampuni hii. Aliniudhi sana, na bado sijapoa. Nilipaswa kusema hivyo mwezi wa kwanza na kuipima hadharani, mkaamua wenyewe kama mnaniamini. Nilinyamaza, nikakosea. Nimeifungua Wulp 5. Tundu la chaji lina skrubu mbili na halitikisiki. Kamera ya kawaida, spika mbovu. Nyota nne. Wietske Kooiman.

Nusu ya waliojibu walimtukana. Nusu nyingine waliuliza juu ya spika.

*

Jorrit alikuja Jumamosi ya mwisho ya Aprili, saa nane mchana, akapanga foleni kama watu wengine. Wietske alimwona tangu alipokuwa wa sita, akachelewesha makusudi kila aliye mbele yake. Alikuwa amekonda. Alivaa sweta la kijivu lenye vumbi na viatu vya kazi vyenye chuma kwenye ncha.

"Ndiyo, bwana," alimwambia zamu yake ilipofika. "Simu ina nini?"

"Simu ni nzima."

"Basi unazuia watu."

Nyuma yake mama mmoja mwenye mkoba wa magurudumu alisema, "Mimi sina haraka, aendelee."

"Nimesoma ulichoandika," Jorrit alisema. "Spika si mbovu. Ni ya wastani."

Wietske aliweka bisibisi mezani. "Umekuja kunibishia spika?"

"Nimekuja kwa jina langu. Ulisema niseme kwa jina langu, ukasirike, tupigane, tumalize. Haya."

"Umenichafua mara mbili. Kwanza ulipoiba, halafu ulipotubu. Uliandika toba yako bila kuniuliza, na mimi ndiye niliyekuwa hapa kibandani kuijibia. Mzee mmoja amenihama. Hukufikiri kwamba kila mtu angejua ni mimi?"

"Nilifikiri nikikuuliza ungenikataza."

"Ningekukataza wiki moja. Halafu tungeandika pamoja."

"Hilo sikulifikiri. Nimekosa tena, basi."

"Umekosa tena. Unafanya kazi wapi sasa?"

"Napakia makontena Waalhaven. Mgongo unauma, lakini hakuna anayeniuliza nyota ngapi."

Mama wa mkoba alicheka puani. Wietske hakucheka, ila mdomo wake ulisogea, akaurudisha.

"Ulikuja na maneno gani?" aliuliza. "Umeandaa, nakujua. Toa."

"Niliandaa usiku mzima. Yote yalisikika kama dereva wa Venlo. Nimeandika mazuri mengi mno, Wietske, sasa nikilitamka zuri moja silijui kama ni langu." Alitazama mikono yake iliyochubuka. "Mabaya bado ni yangu. Unakula umesimama. Unamwita kila mwanamume kaka unapotaka kumtukana. Ukikosea huchukui lawama hadi siku ya tatu."

"Safari hii nilichukua wiki tatu."

"Nilihesabu."

"Na bado umekuja?"

"Bado nimekuja."

Wietske alimtazama kama anavyotazama simu ambayo mwenyewe ameshaambiwa haitengenezeki. Kisha akavuta stuli iliyokuwa chini ya meza, akaisukuma upande wake kwa buti, na kumpa taa ndogo ya mkononi.

"Maneno usinipe. Sitaki, na mimi pia sina ya kukupa, yatakuja yakija. Kaa hapa. Nimulikie." Akamgeukia mama wa mkoba. "Leta simu yako, mama."

Walifanya kazi. Kioo kimoja, betri mbili, kitufe kimoja cha sauti. Soko lilipungua, muuza soksi akaanza kukunja meza yake, njiwa wakashuka kuokota mabaki ya samaki. Hawakuzungumza ila "juu kidogo" na "kushoto".

"Kwangu kuna vyumba viwili," Wietske alisema akiwa ameinamia simu ya mwisho, penseli imelegea nywelini. "Mkataba wako wa nyumba unaisha lini?"

Jorrit aligeuka, na taa ikageuka naye. "Mwisho wa mwezi wa tano. Unaniomba nihamie kwako?"

"Sikuombi. Nakuarifu."

"Na hasira yako?"

"Ipo, na itahamia nasi. Tutaipa chumba cha pili mpaka ichoke yenyewe."

"Nikikataa je?"

"Jaribu," Wietske alisema, akaushika mkono wake na kuurudisha mahali palipohitaji mwanga. "Hapo. Sasa tulia."